Kujulikana kwa Kazi Kabla ya Kuomba Kazi

Je, mtu asiye na ndugu wala mjomba ndani ya taasisi anaweza kupata kazi? Hilo ndilo swali ambalo wanafunzi wa shahada za juu huliuliza kila wanapokaribia kumaliza masomo, na wengi wao huwa wamekwisha kulijibu mioyoni kabla ya kulitamka. Wapo wanaoamini kwamba ajira zote ni za kujuana, kwa hiyo hutuma barua za maombi bila tumaini lolote na kila ukimya wa mwajiri huwa kwao ushahidi mpya. Wapo wengine ambao, kwa kuamini jambo hilohilo, hutumia miezi mingi kumtafuta mkubwa wa kuwashika mkono, na katika kuhangaika huko huisahau kazi ambayo ingewatambulisha vizuri kuliko mkubwa yeyote. Sura hii inaeleza njia isiyo ya kundi lolote kati ya hayo mawili. Njia hiyo ni kujenga mtandao wa kitaaluma, yaani kundi la watu wanaoifahamu kazi ya mwanafunzi, wanaoweza kumweleza yanayoendelea katika fani yake, na wanaoweza kumsemea kwa haki wanapoulizwa habari zake.

Walengwa hasa ni mwanafunzi wa uzamili, ambayo ni shahada ya pili, na mwanafunzi wa uzamivu, ambayo ni shahada ya udaktari wa falsafa. Mifano mingi imetoka Tanzania, na michache Kenya. Hoja inayoongoza sura nzima ni kwamba mwanafunzi wa ngazi hizo tayari anao mtandao ambao mhitimu wa shahada ya kwanza hana, kwa sababu utafiti wake umempeleka katika ofisi, maabara, masoko na vijiji ambako watu wamemwona akifanya kazi, lakini mara nyingi huuacha mtandao huo ufe siku anapokabidhi tasnifu.

## Kujuana na kujulikana

Hofu ya kujuana haikuzuka bure. Upendeleo, yaani kumpa mtu nafasi kwa sababu ya undugu, kabila, dini au fedha badala ya sifa, umewaumiza vijana wengi, na kuwaambia wausahau tu ni kuwadharau. Lakini ni kweli pia kwamba baadhi ya milango imewekewa walinzi. Nchini Tanzania, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupokea maombi ya nafasi nyingi za serikali kupitia mfumo wa intaneti uitwao Ajira Portal, kisha huwapitisha waombaji katika usaili wa kuandika, wa vitendo pale kazi inapohitaji hivyo, na wa ana kwa ana. Waliofaulu lakini nafasi zikawa hazitoshi huwekwa katika kanzidata, yaani hazina ya kumbukumbu ndani ya kompyuta, ili waweze kupangiwa kazi nafasi nyingine zinapopatikana. Vivyo hivyo, matangazo mengi ya wahadhiri wasaidizi katika vyuo vikuu vya umma yametaka wastani wa alama za masomo, ambao wanafunzi huuita GPA, usiopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili. Mwenye wastani wa 3.6 hawezi kuokolewa na kufahamiana na mkuu wa idara, na hapaswi kuokolewa hivyo.

Kama ni hivyo, mtandao una kazi gani? Unazo tatu.

Ya kwanza ni taarifa. Mradi wa utafiti unaotaka wasaidizi watatu kwa miezi minane huenda ukatangazwa kwa wiki mbili tu katika tovuti ya taasisi moja na kwenye ubao wa matangazo wa hospitali moja, na aliye mbali asijue kitu mpaka kazi imeanza. Kazi za muda mfupi za ushauri elekezi, ambapo taasisi humlipa mtaalamu afanye jambo moja mahususi na kuondoka, mara nyingi hazifiki kwenye matangazo kabisa.

Ya pili ni uelewa. Mtu aliye ndani ya fani hujua kilichobadilika, na mabadiliko mengi hayaandikwi katika vitabu vya kozi. Mwaka 2019, kwa mfano, jukumu la kudhibiti usalama wa chakula Tanzania Bara lilihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa na kupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Mwanafunzi wa sayansi ya chakula anayesoma machapisho ya zamani peke yake anaweza kuandika barua nzuri sana na kuipeleka kwenye mlango usio wake, ilhali mazungumzo ya robo saa na afisa mmoja wa mkoa yangemwelekeza.

Ya tatu ni ushuhuda, yaani maneno ya mtu aliyemwona mwombaji akifanya kazi. Cheti husema kwamba mtu amefaulu. Hakisemi kama hufika kwa wakati, kama hukubali kusahihishwa, wala kama takwimu zake zinaaminika, na mwajiri anayekabidhi mradi kwa mgeni hutaka sana kujua hayo.

Kwa ufupi: upendeleo humnyang'anya mwingine haki yake, ilhali mtandao wa kitaaluma humpa mwombaji taarifa, uelewa na shahidi, kisha humwacha ashindane na wenzake.

## Kwa nini mtu wa mbali husaidia kuliko wa karibu

Wengi hudhani kwamba msaada mkubwa katika kutafuta kazi utatoka kwa rafiki wa karibu, kwa kuwa ndiye anayewapenda zaidi. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba mambo mara nyingi huwa kinyume. Katika makala yake maarufu ya mwaka 1973 na kitabu kilichofuata mwaka 1974, alieleza matokeo ya uchunguzi wake juu ya wanaume 282 wa mji wa Newton, katika jimbo la Massachusetts, ambao walikuwa wataalamu, mafundi wa ngazi ya juu au mameneja na walikuwa wamebadilisha kazi karibuni. Asilimia 56 kati yao walipata kazi kupitia watu wanaofahamiana nao. Alipowauliza baadhi yao ni mara ngapi walikuwa wakionana na watu hao, asilimia 16.7 tu walisema mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walionana nao mara mojamoja, na asilimia 27.8 walionana nao mara moja kwa mwaka au chini ya hapo.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Marafiki wa karibu husoma matangazo yaleyale, hukaa katika mabweni yaleyale na huwajua watu walewale, kwa hiyo anachokijua mmoja wengine huwa wamekwisha kukisikia. Kundi la WhatsApp la darasa la uzamili ni mfano mzuri: tangazo moja huweza kutumwa humo mara nne kwa siku na watu wanne tofauti, na wote waliomo wanagombea nafasi ileile. Mtu wa mbali, aliye katika ofisi nyingine, mkoa mwingine au fani jirani, hufikiwa na habari ambazo darasa zima halijazisikia.

Karibu miaka hamsini baadaye wazo hilo lilipimwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuatilia watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi, kwa muda wa miaka 5, ambamo nafasi mpya za kazi zipatazo 600,000 zilihesabiwa. Watafiti waliona kwamba watu waliofahamiana kwa kiasi, yaani ambao si wageni kabisa na si wandani, ndio waliosaidia zaidi watu kuhama kazi, na kwamba uhusiano wa karibu sana ndio uliosaidia kidogo zaidi.

Ni lazima matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu. Newton ya miaka ya 1970 si Dodoma ya leo, na mtu wa mbali huweza kutoa habari bila kuwa tayari kumsemea mtu asiyemfahamu vizuri. Kwa mazingira ya Afrika Mashariki, ambako anayemsemea mwenzake huhesabiwa kuwa amemdhamini kwa jina lake mwenyewe, inafaa kutenganisha mambo hayo mawili: taarifa itafutwe mbali, na ushuhuda utafutwe kwa wale walioiona kazi kwa macho yao. Hapo ndipo utafiti wa mwanafunzi unapokuwa na thamani ambayo wengi hawaioni.

## Watu waliokutanishwa na tasnifu

Achukuliwe mwanafunzi wa uzamili anayechunguza sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu katika mahindi na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Jambo hilo si dogo, kwa kuwa mwaka 2016 sumukuvu ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mwanafunzi huyo amechagua kufanya kazi wilayani Kongwa, ambako kuna soko kubwa la mahindi la Kibaigwa. Kabla ya kuchukua hata punje moja, amepata barua ya utambulisho kutoka chuoni, ameipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, akaelekezwa wilayani, akapita kwa mkurugenzi wa halmashauri, akashuka kwa mtendaji wa kata, na hatimaye akafika kijijini. Njiani amepewa afisa kilimo wa kumwongoza, amezungumza na viongozi wa soko, amepimiwa sampuli na fundi wa maabara, na mwishoni tasnifu yake imesomwa na mtahini wa nje, yaani mwalimu wa chuo kingine anayeitwa kupima kazi bila upendeleo.

Wanafunzi wengi huiona safari hiyo ya barua kuwa usumbufu, na mara nyingine ni usumbufu kweli. Lakini kila barua imebeba jina na cheo cha mtu mmoja anayeshughulika na jambo lilelile analolisomea mwanafunzi, na hakuna semina ya kutafuta kazi inayoweza kumkutanisha na watu hao kwa urahisi huo. Wamemwona akifika asubuhi, akieleza lengo lake, akisikiliza. Wanajua kama alirudi kuaga au alipotea na daftari lake.

Inafaa, kwa hiyo, orodha iandaliwe mapema, wakati majina yangali kichwani. Yafuatayo ni makundi yanayosahaulika zaidi:

- maofisa waliotoa vibali au waliompangia mwanafunzi mwenyeji wa kumwongoza;
- wataalamu wa ngazi ya kata na kijiji, kama maofisa ugani, wauguzi wa zahanati na walimu wakuu;
- mafundi wa maabara, wakutubi na watunza nyaraka, ambao huwajua watafiti wote wanaopita katika taasisi zao;
- mtahini wa nje na wajumbe wa jopo la utetezi, yaani kikao ambacho mwanafunzi huhojiwa juu ya tasnifu yake;
- wanafunzi wa uzamivu waliomtangulia chini ya msimamizi yuleyule, ambao sasa wako kazini.

Orodha peke yake haitoshi, kwa maana jina lisilorejewa hufifia. Kitendo kimoja kinachofaa kuliko vingine vyote, na ambacho ni wachache wanaokifanya, ni kurudisha matokeo. Katika vyuo vingi tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, hufikia kurasa 100 au zaidi, na huishia katika rafu ya maktaba. Afisa kilimo wa Kongwa hana nafasi ya kuisoma yote. Anachohitaji ni muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili fasaha: nini kilichunguzwa, nini kilionekana, ghala gani zina hatari zaidi, na hatua gani inaweza kuchukuliwa kabla ya msimu ujao. Muhtasari huo uchapishwe, upelekwe kwa kila ofisi iliyotoa kibali, na uwe na jina, anwani ya barua pepe na namba ya simu ya mwandishi chini yake.

Kurudisha matokeo ni deni kabla ya kuwa mbinu. Nchini Kenya, kwa mfano, kibali cha utafiti kinachotolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, humtaka mtafiti awasilishe ripoti yake ya mwisho. Hata pale ambapo hakuna sharti la maandishi, watu waliotoa muda wao wana haki ya kujua ulikwenda wapi. Ila ni kweli pia kwamba anayelipa deni hilo hukumbukwa. Shirika linapofika wilayani kuanzisha mradi wa kuhifadhi nafaka na kuuliza ni nani anayeifahamu hali ya sumukuvu katika eneo hilo, afisa ambaye mezani pake kuna kurasa mbili zilizoandikwa vizuri anajua la kujibu.

Hapa pana mpaka ambao haupaswi kuvukwa. Watu waliohojiwa kama watoa taarifa za utafiti, yaani wakulima, wagonjwa au wazazi waliojibu dodoso kwa kuahidiwa usiri, si sehemu ya mtandao wa kutafuta kazi. Namba zao za simu zilichukuliwa kwa lengo moja, na kuzitumia kwa lengo jingine ni kuvunja ahadi. Ni jambo linaloweza pia kugongana na sheria, kwa kuwa Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019 na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Mwanafunzi atenganishe tangu mwanzo daftari la watoa taarifa na daftari la wenyeji wa kikazi.

## Makongamano na vyama vya fani

Kongamano ni mkutano ambao watafiti huwasilisha matokeo yao na kuyajadili. Kila fani ina lake. Wanaochunguza bahari wana WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa eneo la magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao yake Zanzibar, ambayo hufanya kongamano kila baada ya miaka miwili. Wanauchumi wana AERC, muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika ulioanzishwa mwaka 1988 jijini Nairobi. Wanafunzi wa Kiswahili wana chama chao cha Afrika Mashariki, CHAWAKAMA, na walimu na watafiti wao hukutana katika CHAUKIDU, chama cha ukuzaji wa Kiswahili duniani. Wahandisi wa Tanzania hukusanyika katika siku zinazoandaliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Gharama huwazuia wengi, na hilo si kisingizio, kwa maana nauli, malazi na ada huweza kumaliza fedha za miezi miwili. Njia zipo hata hivyo. Baadhi ya makongamano hutoza wanafunzi ada ya chini au huwafadhili wenye mada zilizokubaliwa. Waandaaji huhitaji watu wa kuandika kumbukumbu za vikao, na anayefanya kazi hiyo hukaa mbele, husikiliza kila mjadala na huwa na sababu halali ya kumwendea mtoa mada na kumwomba afafanue hoja yake. Zaidi ya hayo, semina za kila wiki za idara nyingine katika chuo kilekile hazina kiingilio, na mwanafunzi wa takwimu anayehudhuria semina za afya ya jamii hukutana na watu wanaohitaji sana ujuzi wake.

Ndani ya kongamano, kujaza mfuko wa kadi za watu hamsini hakuna faida. Watu watatu waliozungumza na mwanafunzi kwa dakika kumi kila mmoja wanatosha, mradi amesoma kazi zao kabla na ana swali moja la kweli kwa kila mmoja. Swali zuri humtambulisha mtu kuliko maelezo marefu juu yake mwenyewe.

## Ujumbe wa kwanza

Sehemu hii ndiyo inayowatetemesha wengi, hasa waliolelewa kuamini kwamba mdogo hamwanzi mkubwa. Heshima hiyo ni nzuri na haihitaji kutupwa. Kinachohitajika ni kuipa umbo la maandishi. Ujumbe usemao "Shikamoo Dokta, naomba kazi, nina uzamili, hali ni ngumu" una heshima ya salamu lakini unamwachia mpokeaji mzigo wa kutafuta kazi ambayo huenda hana, na kwa kuwa hawezi kuitoa, hunyamaza. Ulinganishwe na huu:

"Shikamoo Dkt. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa sayansi ya chakula mjini Morogoro. Nilikusikia katika semina ya mwezi uliopita ukieleza upimaji wa sumukuvu katika karanga, nami nimemaliza utafiti kuhusu mahindi ya Kongwa. Naambatisha muhtasari wa kurasa mbili. Ningependa kufahamu jambo moja: maabara za aina yenu hutarajia mtaalamu mpya awe na ujuzi upi ambao vyuoni haufundishwi vya kutosha? Kama una dakika kumi na tano wiki hii au ijayo, nitakupigia kwa wakati utakaokufaa. Nashukuru sana."

Ujumbe huu unaeleza mwandishi ni nani, unaonyesha kwamba alisikiliza, unaleta kitu cha kusoma, na unaomba kitu ambacho mpokeaji anacho kweli, yaani maarifa na dakika chache. Hauombi kazi, na hilo si ujanja wa kuficha nia, kwa kuwa majibu ya swali lile yana manufaa hata pasipokuwa na nafasi yoyote. Wataalamu wengi hufurahi kuulizwa juu ya kazi yao. Mazungumzo yakifanyika, mwanafunzi apige simu kwa wakati waliokubaliana, aandike anayoambiwa, asizidishe muda alioomba, na kabla ya kuaga aulize ni nani mwingine anayefaa kuzungumza naye. Swali hilo la mwisho ndilo linalofungua mlango unaofuata, kwa sababu ujumbe wa pili huweza kuanza kwa kumtaja, kwa idhini yake, aliyemwelekeza.

Asipojibiwa, akumbushe mara moja baada ya wiki mbili kwa maneno machache. Kisha aache. Ukimya mara nyingi hutokana na safari na mirundo ya barua, na si dharau.

## Kurasa za intaneti

LinkedIn, ulioanza kutumika mwaka 2003, una manufaa kwa kiasi ambacho ukurasa wa mtu unaeleza kazi halisi. "Mtafiti mwenye bidii" ni maneno yasiyobeba kitu, ilhali "alipima sampuli za mahindi kutoka maghala ya Kongwa na kuchambua takwimu kwa programu ya R" humwonyesha msomaji mtu anayemhitaji. Kwa mtafiti inafaa pia kujisajili ORCID, namba ya utambulisho yenye tarakimu 16 inayotolewa bure, ambayo huzuia kazi za watu wenye majina yanayofanana kuchanganywa. Kwa wenye majina kama Juma Hamisi, jambo hilo si la anasa. Zaidi ya hapo muda mwingi kwenye kurasa hizo ni bora uende kwenye muhtasari wa kurasa mbili.

## Pale mlango unapokuwa mtego

Mwanafunzi anayetafuta kazi ni mtu mwenye uhitaji, na wapo wanaoujua uhitaji huo. Aina moja ya mtego ni utapeli: mtu asiyejulikana hupiga simu, hujitambulisha kuwa afisa utumishi, na kudai fedha za "fomu", "usaili" au "vipimo vya afya" ili jina liingizwe kwenye orodha. Anayedai malipo ili kutoa kazi aachwe hapohapo, na ukweli wa tangazo uthibitishwe kwa taasisi yenyewe kupitia anwani zake rasmi.

Aina ya pili ni nzito zaidi. Rushwa ya ngono, yaani mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe ajira, alama, pendekezo au huduma nyingine, ni kosa la jinai nchini Tanzania chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Huwalenga zaidi wanafunzi wa kike, na mara nyingi hujificha nyuma ya maneno ya ushauri wa kazi. Ni haki kabisa kwa mwanafunzi kupendekeza kwamba mazungumzo yafanyike ofisini wakati wa kazi, katika mgahawa wa chuo mchana, au kwa simu, na kumwarifu mwenzake mahali anapokwenda. Mtaalamu mwenye nia njema haoni ugumu katika hilo. Anayekutana na madai ya aina hiyo ahifadhi ujumbe alioandikiwa na atoe taarifa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ambayo hupokea simu bila malipo kwa namba 113, au kwenye dawati la jinsia la chuo lilipo. Kukataa kunaweza kumgharimu mwanafunzi nafasi moja, na sura hii haiwezi kuahidi vinginevyo. Lakini mtandao wenye watu wengi wa ofisi nyingi ni kinga ya kweli dhidi ya mtu mmoja anayejifanya kuwa ndiye mlango pekee, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoutegemeza juu ya msimamizi peke yake.

## Wadhamini

Mdhamini ni mtu anayetajwa katika wasifu wa mwombaji ili aulizwe juu ya tabia na uwezo wake. Kosa la kawaida ni kumtaja bila kumwomba, na matokeo yake ni mwajiri kumpigia mwalimu ambaye analikumbuka jina lakini hakumbuki kazi. Mwombaji aombe ruhusa kwanza, kisha kwa kila ombi amtumie mdhamini tangazo lenyewe, wasifu wa sasa, na mistari mitatu inayomkumbusha walifanya nini pamoja na mwaka gani. Hafundishwi cha kusema, anasaidiwa kukumbuka.

Wadhamini watatu wasitoke chumba kimoja. Msimamizi ataeleza fikra za mwanafunzi, mwenyeji wa wilayani ataeleza mwenendo wake kati ya watu, na mtu aliyesimamia mafunzo kwa vitendo au kazi ya kujitolea ataeleza kama hukamilisha anachokianza. Kwa nafasi ya kufundisha chuoni uzito utaelekea kwa msimamizi na mtahini wa nje, na kwa nafasi ya mradi wa maendeleo maneno ya afisa wa halmashauri yanaweza kuwa mazito kuliko ya profesa, ingawa wanafunzi wengi humpanga wa mwisho au humwacha kabisa.

Baada ya usaili mdhamini aambiwe ulivyokwenda, na baada ya matokeo aambiwe matokeo, hata yakiwa mabaya. Anayeambiwa kwamba mwanafunzi wake alikosa nafasi kwa kutojua programu fulani ya takwimu anaweza kumwelekeza mahali inapofundishwa, na asiyeambiwa hudhani kwamba kazi ilipatikana na huacha kutafuta. Mdhamini aliyestaafu aendelee kutajwa kwa cheo chake cha zamani na anwani yake mpya, naye aulizwe kila mwaka kama bado yuko radhi, kwa kuwa barua pepe za ofisi huweza kufungwa mtu anapostaafu na mwajiri asiyepata jibu humhesabu mwombaji kuwa hana shahidi.